CD Nzima, Msomaji Hayupo: Historia ya Gemu za Windows Kwenye Mac

Msomaji wetu, tuanze na swali la mtaani kabisa. Una Mac mpya, labda umeinunua mwenyewe, labda umeletewa na ndugu aliyeko Muscat. Kwenye kabati la nyumbani kuna CD ya Project I.G.I., ile gemu ya mwaka 2000 ya askari anayepenya kambi za kijeshi peke yake. CD haina hata mkwaruzo. Unaazima kifaa cha kusomea CD, unachomeka, mafaili yanaonekana yote, lakini ukibofya hakuna kinachotokea. Tatizo ni nini? Na kuna namna?

Namna ipo, na nyingine ni ya bure. Ila ukitaka kuelewa kwa nini inafanya kazi, na kwa nini huenda isifanye kazi milele, itabidi turudi nyuma kidogo.

Kabla ya kompyuta, fikiria hili. Nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Kuna barua za zama za masultani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi kabla herufi za Kirumi hazijatawala madarasa. Mtu anaweza kuishika barua ya Kiswahili, lugha ya mama yake, karatasi nzima na wino unaonekana, na asiambulie neno. Barua haijaharibika. Kilichopungua ni watu wa kuisoma. Gemu ya zamani iko katika hali hiyohiyo.

Milango mitatu

Mwaka 1998 ni mzuri wa kuanzia. Mwaka huo kilianza chuo cha elimu hapa Chukwani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sumait. Mwezi Juni Microsoft ilitoa Windows 98, na Agosti Apple ikaanza kuuza iMac ya kwanza. Ukiziweka kompyuta hizo mbili juu ya meza moja, zote zina kioo na kibodi. Ndani yake ni dunia mbili tofauti, na gemu ya Windows ikitaka kuingia kwenye Mac ilikuta milango mitatu imefungwa.

Mlango wa kwanza ni prosesa. Kompyuta za Windows zilitumia prosesa za aina ya x86, zilizoanzia kwa Intel. Mac za wakati ule zilitumia PowerPC. Amri ya "jumlisha namba hizi mbili" imeandikwa tofauti kabisa kwa kila moja.

Mlango wa pili ni mfumo endeshi. Gemu haijui yenyewe kufungua faili wala kutoa sauti, inaomba. Na inaomba kwa maneno ya Windows.

Mlango wa tatu ni michoro. Gemu nyingi za Windows huchora kupitia DirectX, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 1995. Mac haijawahi kuwa nayo.

Shika hiyo milango mitatu, maana historia yote inayofuata ni ya watu wanaoifungua na kampuni zinazobadilisha vitasa.

Kujenga kompyuta ndani ya kompyuta

Njia ya kwanza ilikuwa ya nguvu. Mwaka 1997 kampuni ya Connectix ilitoa Virtual PC, programu ya Mac inayojifanya kuwa kompyuta nzima ya Windows, prosesa yake, diski yake na vyote. Programu za namna hii tunaziita emuleta. Uzuri wake ni kwamba milango yote mitatu inafunguka kwa pamoja. Ubaya wake ni kasi. Kila amri ya x86 ilibidi igeuzwe kuwa ya PowerPC wakati gemu inakwenda. Kuandika barua sawa, lakini gemu ya mbio za magari ilikuwa mateso.

Upande mwingine, tangu 1993, kundi la wapenzi wa Linux lilikuwa na wazo jingine. Mradi wao unaitwa Wine, na kwa muda mrefu umeongozwa na Alexandre Julliard. Hawa hawakujenga kompyuta ya uongo. Waliushughulikia mlango wa pili peke yake. Gemu ikisema kwa maneno ya Windows "nifungulie faili hili", Wine inapokea ombi na kulitimiza kwa njia za mfumo uliopo. Gemu haijui kwamba Windows haipo. Ni kama mgeni anayeagiza chai kwa lugha yake, na chai inakuja, bila kujua kwamba jikoni hakuna anayeijua lugha hiyo isipokuwa mhudumu.

Kazi hiyo si ndogo. Windows ina maelfu ya maombi ya namna hiyo, na Wine ilibidi iyaandike upya moja baada ya jingine bila kuona msimbo wa Microsoft. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, miaka 15 baada ya kuanza.

Miaka ya neema

Kwa Mac, Wine ilikuwa na kasoro moja: haigusi mlango wa kwanza. Kwenye PowerPC haikusaidia sana. Halafu Juni 2005 Steve Jobs akatangaza kwamba Mac zinahamia prosesa za Intel, na za kwanza zikatoka Januari 2006. Mlango wa prosesa ukafunguka wenyewe.

Mambo yakaenda mbio. Aprili 2006 Apple ilitoa Boot Camp, inayokuwezesha kuweka Windows halisi kwenye Mac. Mwaka 2007 kampuni ya CodeWeavers ikaleta CrossOver ya Mac, ambayo ni Wine iliyorahisishwa na kuuzwa, huku marekebisho yake mengi yakirudishwa kwenye Wine ya bure. Mwaka huohuo kampuni ya gemu ya EA ikaanza kuuza gemu za Mac kama Need for Speed Carbon. Ukizifungua ndani, zilikuwa gemu zilezile za Windows zilizofungwa kwenye Cider, teknolojia iliyotokana na Wine.

Vitasa vinabadilishwa

Oktoba 2019 Apple ilitoa macOS Catalina, mfumo uliokataa programu zote za biti 32. Prosesa za Intel zilikuwa bado zinazielewa, ila mfumo ulikataa. Na karibu gemu zote za Windows za miaka ya 2000 ni za biti 32.

Hapo ndipo palipotokea jambo la ajabu, msomaji. Gemu nyingi zilizouzwa rasmi kwa Mac zilikufa siku hiyo, kwa sababu zenyewe ni za biti 32 na wenyewe hawakuzirekebisha. Lakini Desemba 2019 CodeWeavers walitoa CrossOver 19 ikiwa na mbinu ya kuziendesha gemu za Windows za biti 32 ndani ya mfumo wa biti 64. Kwa maneno mengine, aliyenunua gemu ya Mac aliikosa, na mwenye CD ya Windows akaendelea kucheza! Tofauti ilikuwa moja tu: upande wa Windows kulikuwa na watu wanaoendelea kutafsiri.

Mwaka 2020 Apple ikahama tena, safari hii kwenda prosesa zake yenyewe za aina ya ARM, kuanzia M1. Mlango wa kwanza ukafungwa upya, na Boot Camp ikaishia hapo. Kilichookoa hali ni Rosetta 2, programu inayogeuza amri za x86 kuwa za ARM. Sehemu kubwa ya kazi huifanya kabla programu haijaanza, si katikati ya mchezo kama zamani, ndiyo maana ina kasi. Jina lake linatokana na jiwe lililopatikana Rashid, Misri, mwaka 1799, lililowasaidia wataalamu kuyasoma maandishi ya kale ya Kimisri.

Leo I.G.I. ikichezwa kwenye Mac ya M1, tafsiri tatu zinafanyika kwa wakati mmoja. Rosetta inageuza amri za prosesa. Wine inajibu maombi ya Windows. Tabaka la tatu linageuza DirectX kuwa Metal, lugha ya michoro ya Apple. Mwaka 2023 Apple yenyewe ilitoa vifaa vya kuwasaidia watengenezaji wa gemu, na ndani yake kuna Wine, tena ile ya CodeWeavers.

Kwa nini ujali

Rosetta ya kwanza, iliyosaidia programu za PowerPC, iliondolewa mwaka 2011. Programu zilizoitegemea zikaenda nayo. Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba Rosetta 2 nayo itaendelea kikamilifu hadi macOS 27. Baada ya hapo itabaki sehemu yake tu, kwa ajili ya gemu za zamani ambazo hazina tena mtu wa kuzihudumia. Ni habari njema, ila ahadi ya kampuni si mkataba na wewe. I.G.I. yenyewe ilitengenezwa na Innerloop Studios ya Norway, kampuni iliyokwisha kufungwa. Hakuna fundi wa kumpigia simu.

Basi fanya haya. Kwanza, tengeneza nakala ya CD, faili zima la picha ya diski, uihifadhi sehemu mbili tofauti. CD huchakaa, na joto na unyevu wa Unguja hauisaidii. Pili, jaribu Wine ya bure kabla hujalipia chochote. Kama gemu ni ya zama za DOS, tumia DOSBox, ambayo nayo ni bure. Tatu, ikigoma, usikimbilie kuilaumu Mac: gemu zenye kinga ya SafeDisc zilikataliwa hata na Windows 10.

Na usiishie kwenye gemu. Majumbani na maskulini mwetu kuna CD za masomo, kamusi na mafunzo ya Kurani zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows 98 na XP. Hizo hazina mashabiki duniani wa kuzipigania kama gemu za magari. Wine hurekebishwa pale mtu anapolalamika kwamba programu fulani haifanyi kazi, na kwa programu zetu hakuna atakayelalamika kama si sisi. Anayejua zilipo, azijaribu mwaka huu, wakati milango yote mitatu bado iko wazi.