Bunduki, Mtoto na Darasa: Funzo la Gitega na Muyinga

Wenye kuandika historia ya elimu katika Afrika Mashariki hutaja sana majengo, mitaala na idadi ya watahiniwa. Ni mara chache kuelezwa jinsi shule ilivyokabiliana na silaha iliyomo mkononi mwa mtoto. Katika makala haya twapenda kuwakumbusha walimu wenzetu habari za Burundi, hasa za Gitega na Muyinga, kwani huko jambo hili limejaribiwa kwa gharama kubwa.

Tuanze na Kibimba, karibu na mji wa Gitega, ambako wamisionari wa Kikwekeri kutoka Marekani walianzisha kituo mwaka 1934. Hospitali na shule zikafuata. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, aliyekuwa amechaguliwa kwa kura mwezi Juni, aliuawa na wanajeshi. Habari zilipoenea, wanafunzi Watutsi wa sekondari ya Kibimba walikamatwa, wakafungiwa katika kituo cha mafuta kando ya barabara, wakateketezwa kwa moto. Makumi ya vijana walikufa. Kisha kisasi cha wanajeshi kikawaangukia Wahutu.

Yafaa tulitafakari jambo moja. Wauaji wa Kibimba hawakuwategemea watengenezaji wa bunduki. Petroli na kiberiti viliwatosha. Kwa hiyo anayedhani kwamba amani huja kwa kukusanya silaha peke yake hajaufikia mzizi. Mkono unaoua huongozwa na moyo uliokwisha kufundishwa kumwona jirani kuwa si mtu.

Vita vilivyofuata viliwameza watoto wengi. Wengine walibeba mizigo na maji ya wapiganaji, wengine walipeleleza, wengine wakapewa bunduki. Baada ya Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, kazi ya kuwatoa watoto hao vitani ilianza polepole. Kati ya mwaka 2004 na 2006 watoto wapatao 3,000 waliachishwa uaskari. Mwaka 2009, kundi la FNL lilipoweka silaha chini, watoto wake zaidi ya 300 walipelekwa kwanza katika kituo cha Gitega kabla ya kurudishwa makwao. Mwaka huo huo nchi ilitunga sheria ya silaha ndogo ndogo, na raia wakatakiwa kuzisalimisha walizokuwa nazo.

Lakini mtoto aliyesalimisha bunduki amesalimisha nini? Ni lazima tuseme ukweli. Bunduki ilimpatia chakula, ilimfanya asikilizwe na watu wazima, ilimpa cheo. Leo kijana wa miaka kumi na minne anaambiwa aketi dawati moja na watoto wa miaka minane, tena katika madarasa yaliyofurika tangu ada za shule za msingi zilipofutwa mwaka 2005. Mwalimu akimwita kwa dhihaka, au wenzake wakimcheka, ataondoka. Na aondokapo, wako wanaomngoja njiani.

Kutoka Gitega twende Muyinga, kaskazini-mashariki, sehemu ambayo tangu mwaka 2025 imo katika mkoa wa Buhumuza. Huko, kwenye mpaka wa Kobero, wakimbizi walianza kurejeshwa kwa mpango kutoka Tanzania mwaka 2002. Watoto waliozaliwa makambini walirudi na Kiswahili kinywani, wakakuta shule za Kirundi na Kifaransa. Mtoto anayeogopa kuchekwa kila afumbuapo kinywa hunyamaza. Na kijana aliyezoea kunyamaza hujibu kwa ngumi. Kiswahili kilipoingizwa katika shule za msingi, mtoto wa namna hiyo aliweza, kwa mara ya kwanza, kuwa yeye anayejua.

Hapa sisi walimu wa Kiswahili tuna deni. Lugha yetu iliingia Burundi pamoja na wafanyabiashara, lakini iliingia pia na askari wa Wajerumani, walioufanya mji wa Gitega makao makuu yao mwaka 1912. Wazee wengi waliisikia kwanza ikiwa lugha ya amri: simama, beba, lipa. Darasa linalofundisha kwa kufoka na kiboko huiendeleza lugha hiyo hiyo ya boma.

Warundi wenyewe wanao mfano bora zaidi. Bashingantahe, wazee wa hekima, huketi pamoja, husikiliza pande zote mbili, ndipo huamua. Twaona utaratibu huo waweza kuingia darasani kama zoezi la lugha. Wanafunzi wawili waliogombana waeleze kisa chao, kila mmoja kwanza aseme aliyoyasikia kwa mwenzake, kisha darasa litafute suluhu. Tena wazoezwe kwa mazungumzo jinsi ya kumkatalia mtu anayewashawishi kubeba silaha, na la kufanya waonapo guruneti au bunduki: wasiiguse, waondoke, wamwarifu mtu mzima wanayemwamini. Na wenye umri mkubwa watengewe darasa lao, pamoja na kazi ya mikono.

Hatusemi kwamba mwalimu aweza kuizuia vita. Machafuko ya mwaka 2015 yaliwaua vijana waliokuwa wamepita mikononi mwa walimu wema. Umaskini na siasa ya chuki vina nguvu kuliko chaki. Hata hivyo, mwalimu hukaa na mtoto katika umri ule ule anaotafutwa na wenye bunduki, nao humwahidi kuwa atasikilizwa. Basi ndugu walimu, tuwatangulie kwa kumsikiliza sisi. Samaki mkunje angali mbichi.