Masomo ya fundi wa ndani ya nyumba: nani alifundisha nani?

Vijana wengi wakisikia kwamba mutu anasoma miaka mingi juu ya kupanga na kupamba ndani ya nyumba, wanacheka. Wanauliza: kuweka viti na kutundika rido, ile nayo inaomba diplome? Lakini kazi hii iko na historia yake, na ndani ya historia hiyo inchi yetu ya Kongo iko na nafasi ambayo watu wanasahau kuitaja.

Tuanze na yale mwanafunzi anajifunza. Kwanza ni kupima: mulango uwe na upana gani, meza na kiti vipatane namna gani na mwili wa mutu, mwanga uingie upande gani. Pili ni kujua vitu vya kazi, ni kusema muti, chuma, udongo na kitambaa: kipi kinabeba uzito, kipi kinaoza, kipi kinashika joto. Tatu ni rangi na mapambo: wapi yawekwe, na wapi ukuta uachwe bila kitu.

Zamani kule Ulaya, mara nyingi seremala alifundishwa upande wake na mwenye kuchora upande wake. Kati ya wale waliotaka kuwaunganisha kulikuwa Mubelgiji mumoja, Henry van de Velde. Aliongoza shule ya sanaa na ufundi katika muji wa Weimar, Ujerumani, tangu 1908 mpaka 1915. Katika 1919 Walter Gropius alianzisha palepale shule ya Bauhaus. Mwanafunzi alipita kwanza miezi 6 ya mazoezi juu ya maumbo, rangi na vitu vya kazi. Kiisha aliingia katika karakana: ya mbao, ya chuma, ya kufuma ao ya kupaka kuta. Kwa miaka ya kwanza kila karakana ilikuwa na walimu wawili, mumoja msanii, mwingine fundi wa mikono. Lakini wasichana wengi walisukumwa kwenye kufuma tu, hata kama walitaka kitu kingine. Shule ilifungwa katika 1933 kwa kusumbuliwa na Wanazi. Van de Velde naye alikuwa amekwisha kuanzisha shule ya La Cambre kule Brussels, katika 1926.

Sasa turudi nyuma kidogo. Katika 1897, mbele ya shule hizo zote, mufalme Leopold II alifanya maonyesho makubwa ya Kongo kule Tervuren, karibu na Brussels. Mafundi wane walipewa kazi ya kupanga vyumba vya ndani: Paul Hankar, Gustave Serrurier-Bovy, Georges Hobé na huyo van de Velde. Walitumia mbao za Kongo. Hobé alijenga kwa muti wa bilinga. Vitambaa vya rafia vya Kasai vilitundikwa kutani. Watu wakashangaa uzuri, na kazi ile ikaongeza sifa ya mafundi hao wane. Inje, katika bustani, waliwekwa Wakongomani waliosafirishwa wapate kutazamwa, walikuwa 267. Saba kati yao walikufa kule, na makaburi yao yako mpaka leo kando ya kanisa la Tervuren. Muti wetu uliingia ndani ya nyumba. Watu wetu waliachwa inje. Na wale waliofuma vile vitambaa, hakuna aliyewaita walimu.

Hata hivyo walikuwa walimu kweli. Kwa Wakuba, wanaume wanafuma rafia, wanawake wanaidarizi kwa michoro ambayo kila moja iko na jina lake. Kule Nsheng, kwa mufalme wao, michoro hiyo ilionekana pia kwenye mikeka ya kuta. Kwa Wamangbetu, Mujerumani Georg Schweinfurth aliona katika 1870 jumba la mufalme Mbunza, urefu wake karibu mita 45, lililojengwa kwa fito za rafia. Nyumba ya namna hiyo haisimami kama mutu hakupima. Na hapa kwetu Katanga, katika 1926, Georges Thiry aliona kule Bukama nyumba zilizopakwa picha kutani. Alimupatia Albert Lubaki karatasi na rangi. Bibi yake Antoinette naye alichora. Katika 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels. Karatasi zilihifadhiwa, lakini kuta zilianguka pamoja na mvua.

Shule za kisasa zilikuja kiisha. Katika 1943 Frère Marc-Stanislas alianzisha shule ya Saint-Luc kule Gombe-Matadi. Katika 1949 ikahamia Léopoldville, na katika 1957 ikawa Académie des Beaux-Arts, ambayo ilikuja kufundisha pia kazi ya kupanga ndani ya nyumba. Lubumbashi ilipata Académie yake katika 1951, kwa mukono wa Laurent Moonens.

Hatusemi shule hizo zilikuwa mbaya, hapana. Plani iliyochorwa vizuri inapita inchi na miaka, na jambo hilo wazee hawakukuwa nalo. Lakini mafundi wa Ulaya wenyewe waliona kwamba msanii peke yake hatoshi, njo maana Bauhaus ilimuweka fundi wa mikono mbele ya darasa. Sisi tuko na mafundi wa namna hiyo katika vijiji: mama anayejua udongo gani unatoa rangi nyekundu isiyotoka, muzee anayejua muti gani wadudu hawaugusi. Mwanafunzi wa leo anaweza kwenda kwao na mita na daftari, apime nyumba, aandike majina ya michoro, na aandike pia jina la yule aliyemufundisha. Kwani katika 1897 mbao na vitambaa vilifika Tervuren bila majina ya wenye kuvifanya, na mpaka sasa hatuwezi kuwashukuru.