Watetemekaji na Marafiki

Mtu wa Mutuka, hapa Babati, akisikia neno Quaker huenda akadhani anatajiwa ukoo wa kina Kweka wa Kilimanjaro. Walutheri anawajua, Wakatoliki na Wapentekoste vilevile. Neno hilo pengine ameliona dukani kwenye kopo la shayiri, au amelisikia kwa wanunuzi wa kahawa, ambao huita hivyo buni iliyochumwa mbichi, ile isiyokolea rangi hata ikikaangwa. Lakini Wakristo waliobeba jina hilo kwanza ni wageni kwake, na inasikitisha, kwa kuwa historia yao imepita Pemba na kufika hadi Mara.

Jina lilizuka mjini Derby, Uingereza, mwaka 1650. George Fox, mtoto wa mfumaji, alishtakiwa kwa kukufuru. Ameandika mwenyewe kwamba aliwataka waliomhoji watetemeke kwa neno la Bwana, na hakimu Gervase Bennet akawabandika yeye na wenzake jina la Quaker, yaani watetemekaji. Robert Barclay, mwanateolojia wao, alieleza mwaka 1676 kwamba jina lilitokana na waumini kutetemeka kweli wakiwa ibadani. Sioni sababu ya kuchagua moja: mahakama ilidhihaki jambo ambalo majirani walikuwa wakiliona kwa macho. Wenyewe walijiita Marafiki, kwa kufuata Yohana 15, Yesu anapowaambia wanafunzi wake kwamba hawaiti tena watumwa bali rafiki.

Majina yote mawili yalikuja kupimwa Afrika Mashariki.

La urafiki lilipimwa Pemba. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria. Lakini amri hiyo haikumfungulia mtu mlango. Mtumwa ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, bwana wake akalipwa fidia, na masuria wakaachwa nje hadi 1909. Marafiki wa Uingereza, ambao kwa zaidi ya karne moja walikuwa mstari wa mbele kupinga utumwa, hawakuridhika. Henry Stanley Newman alizuru visiwa hivyo, kisha wakanunua shamba la karafuu huko Banani, Pemba, likasimamiwa na Theodore Burtt. Walioachiwa huru walifanya kazi hapo kwa ujira, na shule ikafunguliwa. Katika kisiwa cha Waislamu, walioingia dini ya Marafiki walikuwa wachache. Hata hivyo naiheshimu Banani: pale mchuma karafuu alilipwa, wakati serikali ikihesabu hasara za mabwana.

La kutetemeka lilipimwa Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Wamarekani Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole walifika huko mwaka 1902, na misheni yao ikajenga shule, hospitali na kiwanda cha kupasua mbao. Mwaka 1927 Chilson alihubiri juu ya Roho Mtakatifu. Waluyia, wenyeji wa huko, waliomsikia wakaanza kuungama dhambi hadharani, kunena kwa lugha na kutetemeka. Viongozi wa misheni waliona ni fujo, wakawakataza, hatimaye wakawatenga. Walifanya kosa kubwa. Watu walitolewa katika nyumba ya watetemekaji kwa sababu walitetemeka, jambo ambalo Barclay angelitambua mara moja. Waliotengwa hawakurudi nyuma. Kwao ndiko lilikotoka Kanisa la Kiafrika la Roho Mtakatifu, ambalo waumini wake huvaa kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu.

Waliobaki waliunda jumuiya yao, Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, mwaka 1946, na leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Waluyia waliohamia upande wetu walikuja na ibada hiyo mkoani Mara. Wazee wao wa Uingereza hukaa kimya wakimngoja Mungu aseme. Waluyia hao wana wachungaji na mahubiri, na nyimbo zao husikika kabla hujafika mlangoni.