Ng'ombe wa Udongo Penye Hori

Katika siku za Majilio, mtoto mmoja wa shule ya Jumapili hapa Kawetele alituambia kwamba kwao mwaka ule hakutakuwa na Krismasi, kwa sababu mama yake hakupata fedha ya kununua mti na taa. Tulitaka kumjibu upesi kwamba Krismasi hainunuliwi. Kisha tukaona aibu, maana sisi watu wazima ndio tuliomfundisha hivyo. Tulimwonyesha mti wa plastiki wenye pamba ya kuigiza theluji, katika nchi ambayo Desemba ni mwezi wa mvua na migomba imenawiri kila upande. Akaelewa kwamba Yesu huzaliwa kwa wenye fedha.

Historia yetu inasema mengine. Mwaka 1879, msafiri Joseph Thomson kutoka Uskoti alipita katika nchi ya Wanyakyusa. Aliandika kwa kustaajabu juu ya vijiji safi vilivyokaa kati ya migomba, na nyumba za mianzi zilizojengwa kwa mianzi na udongo kwa ustadi mkubwa. Basi kupamba nyumba hatukufundishwa na mgeni. Babu na bibi zetu walikuwa mafundi, na vifaa vyao vilitoka hatua chache tu kutoka mlangoni.

Mwaka 1891 wamisionari Wamoravian kutoka Ujerumani walifika chini ya Mlima Rungwe, na mwaka huo huo Walutheri wa Berlin wakaingia nchi hii. Walileta habari iliyoandikwa katika Luka sura ya 2. Kwingine mhubiri hulazimika kueleza sana jinsi mtoto alivyoweza kulazwa mahali pa kulishia mifugo. Wazee wetu hawakuhitaji maelezo marefu. Katika nyumba ya Mnyakyusa wa zamani, ng'ombe walilala ndani pamoja na watu. Pumzi ya ng'ombe usiku waliijua.

Wamoravian wana pia nyota yao ya Majilio, ile ya karatasi yenye ncha nyingi. Wengi wetu tunaijua kama kitu cha kuagizwa kutoka Ulaya. Lakini nayo ilianza kwa mikono ya watoto. Katika karne ya 19, kwenye shule za bweni za Wamoravian huko Ujerumani, wanafunzi walijifunza maumbo ya hesabu kwa kukunja na kugundisha karatasi. Miongoni mwao walikuwamo watoto wa wamisionari, ambao wazazi wao walikuwa mbali ng'ambo. Kiwanda kilikuja baadaye. Kwa hiyo anayetengeneza nyota kwa alichonacho hajaiacha desturi ya kanisa. Amerudi kwenye mwanzo wake.

Tukumbuke tena mwaka 1916. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kwetu, wamisionari Wajerumani waliondolewa. Wakristo wenyeji wakabaki na mzigo wa kulichunga kundi, na imani haikuondoka na wale waliochukuliwa. Ilikuwa imekwisha kukaa majumbani.

Basi tulikwenda nyumbani kwa yule mtoto, tukakaa jikoni na mama yake. Tulipasua mianzi kuwa fito nyembamba, tukafunga pembetatu mbili, moja juu ya nyingine, zikawa nyota yenye ncha sita. Magome makavu ya mgomba tuliyalowesha kidogo yasivunjike, tukayachana na kuyasuka kuwa shada la mlangoni. Kibanda tulikiezeka kwa majani makavu ya mgomba, na mshumaa tukauweka mbali nacho. Watoto wakafinyanga Mariamu, Yusufu na ng'ombe wanne. Tuliwaambia mmoja angetosha. Wakasema ng'ombe hakai peke yake.

Udongo ulitaka kukauka polepole, mbali kidogo na moto, kwa sababu mvua haikutupa jua. Hata hivyo ng'ombe mmoja alipasuka, na mwingine akavunjika pembe. Mama hakuwatupa. Aliwaweka karibu zaidi na mtoto, akasema hao ndio wa kwetu.

Hatumlaumu mwenye mti wa dukani. Naye anamheshimu Bwana kwa alichonacho. Lakini wapendwa, tuangalie kile ambacho mapambo yetu yanawafundisha watoto. Pamba ya theluji humwambia mtoto kwamba Mwokozi alizaliwa mbali, kwa watu wengine. Mwanzi, mgomba na ng'ombe wa udongo humwambia kwamba angeweza kulazwa hapa hapa, na kwamba nyumba yao ina nafasi.

Majilio haya, kabla ya kuhesabu fedha, tutoke kwanza uani na watoto wetu. Mianzi ipo, na migomba ipo.