Bwana Poubelle na Takataka za Paris

Mtoto wa Kifaransa amalizapo kumenya chungwa huambiwa na mamaye atie maganda katika poubelle, naye hutii bila kujua ya kuwa jina la mtu limetajwa. Neno hilo maana yake leo ni pipa la taka. Lakini asili yake lilikuwa jina la ukoo la bwana mmoja mheshimiwa, mwalimu wa sheria na mkuu wa serikali, ambaye baadaye alipelekwa Roma kuwa balozi wa Ufaransa kwa Papa. Majina kuhama namna hii si jambo geni. Sisi wenyewe kwa miaka mingi tuliita kitambaa kigumu cha pamba "marekani", kwa kuwa merikebu za Wamarekani ndizo zilizokileta pwani yetu. Walakini marekani ilikuwa nguo, tena nguo iliyotamaniwa. Jina la mtu kupachikwa pipa la mifupa ya samaki ni jambo jingine. Jinsi bwana huyo alivyofikwa na hayo, na ni nani waliodhurika alipoleta mapipa yake, ndiyo habari nitakayoieleza hapa.

Yatupasa kwanza turudi nyuma tuione Paris ilivyokuwa kabla yake. Mji ule ni mkongwe, na taka zake ni za zamani kama nyumba zake. Katika mwaka wa 1131 Philippe, mwana wa mfalme Louis wa Sita, alikuwa akipita juu ya farasi, mara nguruwe aliyekuwa akizurura akakurupuka na kumwingia farasi miguuni. Farasi akaanguka, na kijana yule, ambaye alikuwa amekwisha kutawazwa ili amfuate baba yake, akafa kwa majeraha. Siku zile nguruwe ndio waliokuwa wazoa taka: waliachwa waende watakako na kula makombo yaliyotupwa njiani. Wafalme waliofuata walitoa amri juu ya amri. François wa Kwanza katika mwaka wa 1539 alikataza watu wasimwage taka wala maji machafu njiani. Na mtu akihesabu amri za namna hiyo zilizotolewa kabla yake na baada yake, hukisia kwa urahisi zilivyotiiwa.

Hata katika karne ya 19, njia kuu za Paris zilipokuwa zikiwaka taa za gesi, desturi haikuwa imebadilika sana. Nyumba nyingi za mji zilikuwa za orofa tano au sita, zimejaa wapangaji. Usiku ulipoingia, wapishi na watumishi walishuka ngazi na kumwaga taka za siku nzima chini ya ukuta, njiani. Hapo zilikaa mpaka alfajiri, yalipokuja magari ya farasi kuzizoa na kuzipeleka nje ya mji, ambako wakulima wa mboga walizitia mashambani kuwa mbolea. Lakini kati ya usiku na alfajiri chungu zile zilikuwa na wenyewe.

Hao ni waokota matambara. Kila mmoja alichukua tenga mgongoni, fanusi katika mkono mmoja, na katika mkono wa pili ngoe fupi yenye ncha ya chuma. Alikwenda ameinama, chungu hata chungu, akichakura na kuchomoa. Watu wa mji waliwaogopa na kuwadharau, wakasema ni walevi na wezi. Walakini mji haungaliweza kuishi vizuri bila wao, kwa sababu ambayo mwanafunzi wa leo hawezi kuikisia kwa urahisi.

Wewe uliyeshika kitabu hiki huenda wadhani karatasi imetengenezwa kwa miti tangu mwanzo. Sivyo. Hata kufika kati ya karne ya 19 karatasi za Ulaya zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba. Shati la fundi likichakaa lilifanywa kitambaa cha kufutia vyombo. Kitambaa kikiraruka kilitupwa. Mwokotaji akakinasa kwa ngoe yake, akakiuza kwa uzani kwa tajiri wa matambara. Tajiri akakipeleka kiwandani, kikalowekwa, kikapondwapondwa hata kikawa rojo, na rojo likatandazwa na kukaushwa kuwa karatasi. Kwa hiyo vitabu vingi vya wanachuoni wakubwa wa Ufaransa vilivaliwa mgongoni kabla ya kusomwa. Wala si matambara tu. Mifupa ilichongwa vifungo, au ilichemshwa ikatoa gundi, au ilichomwa ikawa makaa ambayo viwanda vya sukari vilitumia kuisafisha sukari mpaka iwe nyeupe. Vigae vya chupa vilirudi tanurini. Hata nywele zilizotoka katika kitana cha bibi wa orofa ya pili zilikuwa na mnunuzi, fundi wa nywele za bandia. Leo tunatumia maneno makubwa kwa kazi ya kuzirudisha taka viwandani, kana kwamba ni elimu mpya. Watu wale waliifanya gizani kwa ajili ya mkate wa kesho.

Mwezi wa Machi mwaka wa 1832 kipindupindu kiliingia Paris, na katika mwaka ule kikaua watu zaidi ya 18,000. Waganga wa wakati ule hawakuwa na habari ya vijidudu. Walidhani maradhi huletwa na uvundo. Serikali basi ikaona heri taka ziondolewe upesi, ikampa mkandarasi mpya ruhusa ya kuanza kuzoa jioni, kabla waokotaji hawajapata nafasi ya kuchakura. Waokotaji walipoyaona magari yale walifahamu mara moja ya kuwa ni njaa yao inayopita njiani. Katika siku za kwanza za Aprili waliyashambulia, wakayavunja, mengine wakayachoma moto na mengine wakayatumbukiza katika mto Seine. Askari walitoka kuwazuia, huku katika njia zile zile majeneza yakipita. Mpango wa magari ya jioni ulikoma, na kwa miaka hamsini mingine chungu za taka ziliendelea kulala njiani.

Eugène Poubelle alikuwa mtoto wa mwaka mmoja hivi wakati wa ghasia hizo, kwa kuwa alizaliwa Caen mwaka wa 1831. Alisoma sheria, akaifundisha katika vyuo vikuu, kisha akaingia kazi ya serikali, na mwezi wa Oktoba 1883 akawekwa kuwa mkuu wa jimbo la Seine, ambalo ndani yake ulikuwamo mji wa Paris. Wakati huo mji ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2, nao haukuwa na meya mmoja wa kuutawala wote. Mkuu wa jimbo ndiye aliyeshika usukani. Watu walikuwa wamekwisha kusikia mafundisho ya Louis Pasteur juu ya vijidudu. Poubelle hakukawia. Tarehe 24 Novemba, kabla hajamaliza miezi miwili kazini, alitoa amri ya kwamba kila mwenye nyumba awape wapangaji wake vyombo vyenye mifuniko vya kutilia taka, vikae ndani ya nyumba, na vitolewe nje asubuhi tu wakati wa gari kupita. Kumwaga taka njiani kukapigwa marufuku kabisa.

Jambo linalonistaajabisha zaidi katika amri ile ni hesabu ya vyombo. Hakutaka kimoja, alitaka vitatu. Kimoja cha vitu vinavyooza, cha pili cha karatasi na matambara, na cha tatu cha vigae vya vyungu, chupa, na maganda ya chaza, maana watu wa Paris walikula chaza kwa wingi. Bwana huyu alitaka taka zitengwe jikoni, mikononi mwa mtu mwenyewe anayezitupa, mwaka wa 1884, kabla ya mtu yeyote kuona mfuko wa plastiki.

Amri ilianza kutumika katikati ya Januari 1884, na mji mzima ukapiga kelele. Wenye nyumba walilalamika juu ya gharama ya vyombo. Mabawabu, ambao katika kila nyumba ya Paris ndio walinzi wa mlango na wa siri, walinung'unika kwa kuwa kazi ya kuviburuta asubuhi na kuviosha ilikuwa juu yao. Magazeti nayo yalipata mchezo. Siku zile zile gazeti la Le Figaro lilianza kuviita vyombo vile "masanduku ya Poubelle", kwa dhihaka. Dhihaka ikapendwa. Baadaye watu wakaacha kusema "masanduku ya", wakabaki na jina tupu, na kufika mwaka wa 1890 neno lilikuwa limekwisha kuingia katika kamusi, wakati mwenye jina yu hai na yungali kazini.

Kelele za wenye nyumba zilikuwa za fedha. Kelele za waokotaji zilikuwa za maisha. Chombo kikikaa ndani ya nyumba mpaka gari lifike, mwokotaji atachakura wapi, na saa ngapi? Ni kweli kwamba wengine walikuwa na mahali pao palipojulikana: walipatana na bawabu, wakamsaidia kazi za asubuhi, naye akawafungulia mlango wachague taka ndani kabla hazijatoka. Mahali kama hapo paliweza kuuzwa, au kurithishwa mwana, kama vile duka. Hao walipona. Lakini wale waliozunguka usiku bila mlango wa kugonga ndio waliokuwa wengi na maskini zaidi, nao amri iliwakata mkono. Habari yao ilifika katika baraza la mji, ikajadiliwa. Mwisho Poubelle alilegeza kamba: waokotaji wakaruhusiwa kumwaga vyombo juu ya turubai, kuchagua haraka kabla gari halijafika, na kuzirudisha taka ndani. Ilikuwa heri kuliko kukosa kabisa, walakini kazi ya usiku kucha ilibanwa katika dakika chache za asubuhi. Tena katika miaka hiyo viwanda vya karatasi vilikuwa vimejifunza kutumia rojo la miti, na bei ya matambara ikashuka. Adui huyu wa pili hakuwa na jina la kutukanwa magazetini, lakini nadhani aliwaumiza zaidi kuliko Poubelle. Wengi walihamia nje ya kuta za mji, wakajenga vibanda vya mbao na mabati, wakauza walivyookota. Huko upande wa Saint-Ouen soko lao lilikua hata leo linajulikana duniani kote kwa jina la soko la viroboto, na matajiri huenda huko kutafuta viti vya kale.

Je, Poubelle alikosea? Mimi sioni hivyo. Mwezi wa Juni 1884 kipindupindu kilirudi Ufaransa kwa njia ya Toulon, na Novemba kikafika Paris. Leo twajua ya kwamba ugonjwa huo huenea hasa kwa maji yaliyochafuliwa na kinyesi, na pipa peke yake haliuzuii. Poubelle mwenyewe baadaye alipigania mifereji ya kuondoa maji machafu katika kila nyumba, na sheria ya mifereji hiyo ilipitishwa mwaka wa 1894. Lakini panya na nzi wanaozaliana katika taka zilizo wazi huleta maradhi mengine ya kutosha. Ninachomlaumu ni kwamba aliwafikiria waokotaji baada ya amri badala ya kabla yake, ingawa habari za mwaka wa 1832 zilikuwapo akitaka kuzisoma.

Vyombo vitatu havikudumu. Wenye nyumba wengi hawakuwa na nafasi wala nia, watu wakachanganya kila kitu, na desturi ikabaki ya pipa moja. Wakulima walianza kununua mbolea za viwandani, wasizitake tena taka za mji, zikawa za kuchomwa katika tanuri kubwa. Karne nzima ikapita. Ndipo Ufaransa, baada ya kuzidiwa na chupa, makopo na plastiki, ikarudi kwenye fikira ile ile: leo nyumba za Paris zina pipa la mfuniko mweupe kwa chupa za vioo, la mfuniko wa manjano kwa karatasi na vifungashio, na tangu Januari 2024 sheria ya nchi yataka kila mtu apewe njia ya kutenga mabaki ya chakula. Poubelle alikuwa amekwisha kufa tangu 1907.

Nasi tuna habari yetu. Huko Dandora, yapata kilomita 8 kutoka katikati ya Nairobi, taka za mji zilianza kumwagwa mwaka wa 1975 katika shimo lililochimbwa mawe. Kufika 2001 jaa lile lilitangazwa kuwa limejaa, na magari hayakuacha kuja. Katika mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu huko Gigiri, lilitoa habari za uchunguzi wa watoto 328 wa karibu na jaa: nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi. Juu ya jaa hilo wanaume, wanawake na watoto huchakura kutafuta chupa, vyuma na plastiki, na kuviuza kwa uzani. Sasa tunayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022, inayotaka zinazooza zitengwe na zisizooza. Siku sheria hiyo itakapotimizwa katika kila nyumba, chupa na debe vitakuwa vimekwisha kuchaguliwa jikoni, na magari yatakayopanda Dandora yatafika bila vile vitu ambavyo watu wa jaa huvingojea tangu alfajiri.