Shanga Nyeusi za Ugogo

Anayesafiri nchi za watu akiwa na kadi ya benki hujifunza mapema kwamba kadi inayopokewa hotelini yaweza kukataliwa gengeni, ng'ambo ya barabara. Tunadhani ni usumbufu wa zama za mashine. Kumbe wapagazi waliokatiza nyanda hizi za kati katika karne ya 19 waliujua vizuri, na wao fedha yao waliibeba mabegani.

Njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, ilipita Ugogo. Fedha ya njiani ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Nguo ilipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Iliyosifika zaidi ilikuwa merikani, kitambaa kilicholetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, kikabaki na jina la nchi kilikotoka.

Nguo ilikuwa na nafuu. Shanga ndizo zilizoumiza kichwa. Mwaka 1871, akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, Henry Morton Stanley aliambiwa kwamba kila nchi ina shanga zake. Nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, lakini kwingineko hazikuwa na thamani. Sungomaji, kubwa kama mayai ya njiwa, zilipokewa Ujiji na Uguha tu. Nyeupe zilipita Ufipa na sehemu za Ugogo, lakini Ukonongo zilidharauliwa. Stanley alinunua magunia 22 ya aina 11, akikisia msafara utakaa siku ngapi katika kila nchi. Kukosea hesabu ilikuwa kubeba mzigo wa vioo usionunua hata kibaba cha mtama. Sokoni Ujiji walikuwepo watu wa kumbadilishia mgeni nguo zake kwa shanga zinazotumika pale, kama maduka ya kubadilishia fedha ya leo.

Ugogo kulikuwa na jambo la ziada: hongo, ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi. Mashariki kulikuwa na nyika kavu ya Marenga Mkali, magharibi Mgunda Mkali. Msafara uliotoka kwenye kiu hiyo ulihitaji visima na nafaka, na vyote vilikuwa mikononi mwa wenyeji. Watemi walichagua nguo, wakakataa hafifu, na mjadala uliweza kula siku kadhaa.

Burton na Stanley waliandika kwa hasira, wakamchora Mgogo kama mlafi anayewanyang'anya wasafiri. Nimewasoma kwa ajili ya tasnifu yangu, na kila ukurasa wa malalamiko naona kitu kingine: watu waliojua thamani ya maji yao, na kwa kuwa kisima ni chao, wakaamua wenyewe kipi ni fedha.

Uamuzi huo ulichukuliwa na Wajerumani. Hongo ilikomeshwa, ikaja rupia, na kuanzia 1904 rupia moja ikawa heller 100, neno tunaloliita hela hadi leo. Kodi ya nyumba ilimlazimu Mgogo kuitafuta fedha ya serikali, kwa kuuza ng'ombe au nguvu zake. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, msafara haukuwa tena na haja ya kisima cha mtu. Kisha ikaja njaa kubwa ya Mtunya, baada tu ya jeshi kuchukua chakula, mifugo na wapagazi wakati wa vita.

Leo Wagogo hutaniwa kuwa ni ombaomba. Utani una raha yake, lakini huu unasahau kwamba babu zao walikuwa watoza ushuru wa njia kuu ya Afrika Mashariki. Neno lenyewe halikusalimika: hongo, iliyokuwa haki ya mwenye nchi kutoka kwa mpita njia, sasa maana yake ni rushwa.