Yakuti na Mawe ya Mtoni

Neno yakuti limewapa taabu watu wengi wafasirio vitabu vya lugha za Ulaya. Lugha hizo zina majina mawili, moja la kito chekundu na la pili la kito cha rangi ya mbingu. Kiswahili kina jina moja tu, kisha huongeza rangi: yakuti nyekundu, yakuti samawi. Ni rahisi kudhani kwamba huo ni upungufu wa lugha, kana kwamba wenyeji wa pwani hawakuwa na haja ya kupambanua johari. Historia ya elimu ya mawe yaonyesha kinyume cha hayo, na sehemu kubwa ya ushahidi wake imo katika changarawe za mito.

Asili ya neno ni Kiarabu, yaqut, nalo lahusiana na neno la Kiyunani hyakinthos. Wanazuoni walioandika kwa Kiarabu waliihesabu yakuti kuwa jinsi moja ya jiwe yenye rangi nyingi, nyekundu, manjano, samawati na nyeupe. Kigezo chao kikubwa kilikuwa ugumu: yakuti hukwaruza mawe mengine yote ila almasi. Jiwe jekundu lililochimbwa Badakhshan, ambalo kwa macho lilifanana mno na yakuti, walilipa jina jingine, la'l, kwa kuwa lilikuwa laini zaidi. Jina hilo halikuenea katika Kiswahili, na hasara yake itaonekana mbele.

Aliyeitia hoja hiyo nguvu kwa mizani ni Abu Raihan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973. Alikijaza maji chombo chenye mdomo mwembamba, akatumbukiza jiwe, kisha akapima maji yaliyomwagika. Yakuti samawi aliifanya kuwa kipimo cha 100, akalinganisha nayo uzito wa mawe mengine ya ukubwa ule ule. La'l ilipata karibu 90, na zumaridi karibu 70. Vipimo vya siku hizi, ambavyo hulinganisha jiwe na maji, ni 4.0 kwa yakuti, 3.6 kwa la'l na 2.7 kwa zumaridi. Anayetaka na apige hesabu, ataona jinsi mtu yule alivyokaribia. Katika kitabu chake cha johari, Kitab al-Jamahir, Biruni ataja pia kwamba bilauri ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanji. Bilauri hapo ni jiwe jeupe lipitishalo nuru. Mswahili wa leo anywea maji katika bilauri, wala hakumbuki kwamba chombo chake kina jina la jiwe lililowahi kuwa bidhaa ya bahari hii.

Ulaya ilichelewa kuuacha ushuhuda wa rangi. Kito kikubwa chekundu kilicho mbele ya taji la dola la Uingereza, kinachoitwa kwa jina la Black Prince, kilihesabiwa kuwa yakuti kwa karne nyingi. Kumbe ni la'l, ambayo huko huitwa spineli. Mwaka 1783 Mfaransa Jean-Baptiste Romé de l'Isle aliyatenga mawe hayo mawili. Kisha ikathibitishwa kwamba yakuti nyekundu na yakuti samawi ni madini moja, ijulikanayo kwa jina la korundi. Kwa hiyo aliyesema yakuti, kisha akataja rangi, alikuwa amesema sawasawa tangu mwanzo.

Uzito ule ule uliopimwa na Biruni ndio uyakusanyao mawe haya mitoni. Maji huchukua mchanga mwepesi na kuacha kilicho kizito katika mashimo ya mwamba na penye mapindi ya kijito. Ndiyo sababu mara nyingi yakuti ilionwa kwanza na watu waliokuwa wakitafuta dhahabu. Katika kijito cha Yogo, jimbo la Montana huko Marekani, waosha dhahabu walizoea kuona vijiwe vya samawati vikibaki pamoja na dhahabu, nao walivitupa. Mwaka 1895 Jake Hoover alipata huko dhahabu ya thamani ya dola 700 hivi, nayo haikulipa gharama. Vijiwe hivyo alikuwa ameviweka, vikapelekwa New York katika sanduku la sigara, mbele ya George Frederick Kunz, mtaalamu wa vito wa duka la Tiffany. Kunz alijibu kwamba ni yakuti samawi za aina bora, na hundi iliyorudi ilikuwa ya dola 3,750. Mwaka uliofuata mchunga kondoo, James Ettien, aliuona mwamba wenyewe ambamo mawe hayo yalitoka.

Katika Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Bonde la Umba, mkoani Tanga, lilijulikana kwa vito vyake katika miaka ya 1960, na changarawe za Tunduru, hasa za mto Muhuwesi, katika miaka ya 1990. Katika karai moja huweza kupatikana yakuti, spineli na ganeti, zote nyekundu, pamoja na kipande cha chupa kilicholainishwa na maji. Mnunuzi huyapa majina, na bei hufuata jina. Asiyeweza kulipinga jina hana la kusema juu ya bei. Lakini mawe yana dalili zake. Punje ya yakuti isiyosagwa sana na mto ina pande sita kama pipa dogo. Spineli ina nyuso nane, mfano wa piramidi mbili zilizounganishwa kwa tako. Ganeti kwa kawaida ina nyuso 12. Spineli hukwaruza bilauri, lakini yakuti huikwaruza spineli, na chupa haikwaruzi hata moja kati ya hizo. Yakuti nyekundu ikigeuzwa polepole mbele ya nuru huonyesha namna mbili za wekundu, mmoja ukielekea zambarau na mwingine rangi ya chungwa. Spineli na ganeti hubaki na rangi moja upande wowote zigeuzwapo, na hapo ndipo mizani ya maji hurudi kazini, kwa maana ganeti nyekundu nyingi ni nzito kuliko spineli.